Jiwe la Tiddis: jinsi kijana wa Afrika Kaskazini alivyopanda vyeo vya Roma, siasa na jeshi kwa pamoja

Wanaosoma Injili ya Luka kila Krismasi wanalijua jina la Kirenio, yule anayetajwa kuwa liwali wa Shamu kipindi kile watu wanaandikishwa. Huyo Kirenio, Quirinius kwa Kilatini, alikuwa seneta wa Roma. Mwaka 12 KK alikuwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha maseneta, baadae akapigana vita huko milimani Asia Ndogo, halafu ndo akapelekwa Shamu kusimamia sensa na kodi. Sasa hapo ndo watu wengi huwa wanachanganyikiwa, maana mtu unajiuliza huyu ni mwanasiasa au ni mwanajeshi, au ni ofisa wa kodi, na leo anahukumu kesi kesho yuko vitani keshokutwa anachinja ng'ombe madhabahuni kama kuhani.

Jibu fupi ni kwamba Mrumi asingekuelewa ukimuuliza hivyo. Kwake ilikuwa ni kazi moja. Ngazi ni moja, na kila kipandio unabadilishiwa nguo, huku ya kiraia, huku ya vita. Hilo ukishalishika historia yote ya Roma inafunguka. Na njia nzuri ninayoijua ya kulielewa ni kumfuata mtu mmoja kuanzia chini hadi juu, cheo kwa cheo. Nimemchagua Quintus Lollius Urbicus, seneta wa karne ya 2 BK, kwa sababu kuu mbili. Kwanza wasifu wake wa kazi upo hadi leo umechongwa kwenye jiwe. Pili ni mtu wa bara letu, alitoka Tiddis, kimji kidogo juu ya kilima cha miamba karibu na Constantine ya leo, Algeria.

Tiddis haikuwa sehemu ya kutoa watu wakubwa. Jina lake rasmi kwa Kilatini lilianza na castellum, yaani ngome tu, wala haikuwa mji kamili, ilikuwa chini ya mji mkubwa wa jirani ulioitwa Cirta, ambao ndo Constantine yenyewe. Hakukuwa na chemchemi pale juu, watu walichimba matangi kwenye mwamba wakakinga maji ya mvua. Barabara zake zinapanda kilima kwa kujipindapinda kwa sababu pa kunyooshea njia hakuna. Sasa mtoto wa mwenye mashamba wa hapo akaja kuwa mkuu wa jiji la Roma lenyewe. Mji wake ukajivunia ukamwekea sanamu, na kwenye msingi wa ile sanamu ndo wakachonga maandishi yetu, na mwishoni wakaandika kabisa kwamba imefanyika kwa uamuzi wa halmashauri na kwa pesa za umma.

Kitu cha kujua kabla hujasoma jiwe kama hili: linasomwa kutoka chini kwenda juu. Warumi waliweka kikubwa kwanza. Ukianza juu unakutana na jina, Quintus Lollius Urbicus mwana wa Marcus, wa "kabila" la Quirina, na hilo kabila siyo la damu, ni kundi ambalo kila raia wa Roma aliandikishwa, kwa hiyo neno moja hilo linakwambia kwamba hii familia ya Waafrika ni raia kamili. Halafu linafuata neno konsuli, halafu vyeo vingine vinashuka. Mwanzo wa safari uko karibu na mistari ya mwisho kabisa, pale ambapo jicho limeshachoka.

Ila kabla ya hata cheo cha kwanza kulikuwa na mlango, na mlango wenyewe ni pesa. Seneti ilikuwa na watu kama 600, na ili uruhusiwe kugombea ilibidi uwe na mali ya angalau sestersi 1,000,000. Mshahara wa askari wa kawaida wa lejioni zama hizo ulikuwa sestersi 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka 800 ya mshahara bila kula. Kwahiyo tunaposema alitoka kimji kidogo tusije tukadhani alitoka kwenye umaskini, hapana, baba yake Marcus Lollius Senecio alikuwa na ardhi ya kutosha. Alichokosa ni jina. Hakuna kwenye ukoo wake anayejulikana kukalia kiti cha Seneti kabla yake, na Warumi walikuwa na neno kabisa kwa mtu wa aina hiyo, walimuita mtu mpya. Akishakubaliwa anapewa haki ya kuvaa kanzu yenye mstari mpana wa zambarau, na ule mstari ukipita nao mtaani kila mtu anajua huyu ni wa Seneti.

Haya, tuanze chini. Cheo cha kwanza cha Urbicus kilikuwa kuwa mmoja wa vijana wanne wa kusimamia barabara za jiji la Roma. Kila mwaka vijana 20 walipewa kazi ndogondogo za namna hii, watatu walikuwa kwenye kutengeneza sarafu, kumi kwenye mahakama, watatu kwenye magereza na hukumu za kifo, na wanne ndo hawa wa barabara. Watoto wa familia kubwa kabisa ndo walipewa sarafu, kwa hiyo kijana wa Tiddis kuwekwa barabarani inaonyesha alianza akiwa wa kawaida tu, wala sio wa kuangaliwa sana.

Kutoka hapo akavaa nguo za vita. Akapelekwa kuwa tribuni wa lejioni ya 22 Primigenia, iliyokuwa na kambi Mainz, Ujerumani, ukingoni mwa mto Rhine. Lejioni ni jeshi la watu kama 5,000, na kila moja ilikuwa na matribuni sita, watano ni watu wa tabaka la pili na mmoja tu ndo mwenye ule mstari mpana. Huyo mmoja kwa karatasi ndo msaidizi wa kamanda, ingawa ana miaka kama 20 tu na hajawahi kuona damu, wakati pembeni yake wapo maakida waliokaa jeshini miaka 20 (akida nasema kwa maana ile ile ya Biblia, kama Kornelio wa kikosi cha Italia, yaani mkuu wa askari kama 80 hivi). Kijana mwenye akili alikuwa anakaa kimya anajifunza kwao.

Akirudi Roma ana umri wa kugombea ukwestori, angalau miaka 25. Nafasi zilikuwa 20 kwa mwaka. Kwestori ndo cheo kinachokuingiza Seneti, ukishakipata wewe ni seneta hadi kufa labda ufukuzwe kwa aibu au ufilisike. Urbicus alikuwa kwestori wa jiji, maana yake alibaki Roma kwenye kazi za nyaraka wakati wenzake wengi wakipelekwa mikoani. Halafu akatoka akaenda Asia (mkoa wa Kirumi, magharibi mwa Uturuki ya leo) kuwa msaidizi wa liwali, makao makuu yakiwa Efeso, Efeso hiyohiyo ya wafua fedha wa Artemi walioandamana dhidi ya Paulo.

Na hapa naomba tusimame kidogo kwa sababu hapa ndo pana siri ya jiwe zima. Kwenye ukwestori jiwe linasema kwestori wa jiji, basi. Lakini ukipanda mstari unaofuata, alipokuwa tribuni wa watu (huyu ni tofauti na yule tribuni wa jeshi, ni cheo cha kiraia, zamani kilikuwa cha kuwatetea wanyonge dhidi ya mabwanyenye ila zama za makaisari kilikuwa kimebaki jina), linaongezeka neno: mgombea wa Kaisari. Na kwenye cheo kinachofuata, upretori, linarudiwa tena, mgombea wa Kaisari. Hayo maneno yana maana rasmi kabisa. Uchaguzi bado ulikuwepo, Seneti ilipiga kura, lakini Kaisari akishakutaja wewe kuwa mtu wake huna mpinzani, umepita. Kwa hiyo mahali fulani baada ya ukwestori, Kaisari, na wakati huo ni Hadrian, alimuona huyu kijana wa Afrika akampenda. Toka hapo anabebwa. Na lazima niseme pia kwamba wengi walibebwa na hawakufika popote, ukibebwa na wewe ujikaze, na yeye alijikaza kweli.

Pretori alikuwa jaji mkubwa, umri wa chini miaka 30. Ila kwa mtazamo wa mtu anayetaka kupanda, uzito wa upretori haukuwa mahakamani, ulikuwa kwamba unakupa sifa ya kuongoza lejioni. Yaani cheo cha hakimu ndo leseni ya ujemadari! Kwetu leo haiingii akilini ila kwao ilikuwa kawaida kabisa, na Urbicus mara baada ya upretori anapewa lejioni ya 10 Gemina, iliyokuwa na kambi Vienna, kwenye mto Danube. Sasa siyo tena kijana wa kukaa pembeni, anaamuru mwenyewe.

Halafu unakuja mstari mzito kuliko yote kwenye jiwe, na mimi kila nikiufikia napunguza mwendo. Unasema alikuwa legati (kaimu) wa Kaisari Hadrian kwenye msafara wa Uyahudi, na humo alitunukiwa mkuki usio na chuma na taji la dhahabu. Msafara wa Uyahudi ndo vita vya Bar Kokhba, 132 hadi 135 BK, Wayahudi walipoinuka tena kudai nchi yao. Vilikuwa vibaya kiasi kwamba Hadrian alimtoa liwali wa Britania, Julius Severus, upande wa pili kabisa wa dola, aje kuongoza mapambano. Mwanahistoria Cassius Dio anasema waliuawa wanaume 580,000 na vijiji 985 vikasawazishwa, bila kuhesabu waliokufa kwa njaa na magonjwa na moto, na anasema Warumi nao walipoteza watu wengi hadi Hadrian alipoiandikia Seneti aliacha kuweka ile salamu ya kawaida kwamba mimi na majeshi hatujambo. Baada ya hapo hata jina la mkoa likafutwa, Uyahudi ikawa Syria Palaestina, na Wayahudi wakapigwa marufuku kukanyaga Yerusalemu. Ule mkuki na lile taji ni malipo ya kazi hiyo. Watu wa Tiddis walivichonga kwa fahari, na ukilisoma jiwe bila kujua kilichotokea huko unaweza ukapita tu kama vile ni medali ya mbio.

Katikati ya hapo wakampa na ukuhani, wa kundi la fetiales, makuhani waliosimamia ibada za kutangaza vita na kufunga mikataba, ambao desturi yao ya zamani ilikuwa kurusha mkuki kwenye ardhi ya adui. Ukuhani wa Roma haukuwa wito wa kuacha dunia, ilikuwa ni heshima ya kisiasa anayopewa mtu huku anaendelea na kazi zake.

Katikati ya miaka ya 130 akawa konsuli. Zamani makonsuli walikuwa wawili tu kwa mwaka na ndo waliotawala Roma, ila chini ya makaisari wale wawili wa Januari walijiuzulu baada ya muda wakaingia wengine, wengine tena, ili watu wengi waonje. Mamlaka hayakuwepo sana. Kilichotafutwa ni kuitwa aliyewahi kuwa konsuli, kwa sababu mikoa mikubwa yenye majeshi walipewa hao tu.

Na hapo ni muhimu kujua mikoa ilikuwa ya aina mbili, maana watu huwa wanachanganya sana. Toka mwaka 27 KK Augustus, Kaisari wa kwanza, aligawa: mikoa tulivu kama Asia inabaki kwa Seneti, maliwali wake wanapigiwa kura ya bahati nasibu wanakaa mwaka mmoja, na mikoa ya mipakani yenye lejioni ni ya Kaisari, anayeenda huko anaenda kama legati, yaani kaimu wake, anakaa mpaka Kaisari aseme rudi. Ukigundua hilo unaona ujanja wenyewe. Maseneta wanabaki na heshima yote, kanzu, viti, majina kwenye mawe, lakini kila mwenye jeshi mkononi amelipewa na mtu mmoja na anaweza kunyang'anywa na mtu huyohuyo. Urbicus alipewa kwanza Germania ya Chini, makao Cologne, lejioni mbili. Jiwe la Tiddis linaishia hapo, wachongaji walimaliza kazi kabla hajapata kilichompa jina kwenye vitabu.

Julai 138 Hadrian akafa. Akaingia Antoninus Pius, mzee mwema, mtu wa mahakama na mashamba, ambaye hakuwahi kuongoza vita hata kimoja. Kaisari asiye na ushindi ni Kaisari asiye na heshima mbele ya askari, na mimi naamini hiyo ndo sababu kubwa ya kilichofuata kuliko tishio lolote la kaskazini. Akamteua Urbicus kuwa liwali wa Britania, mkoa wenye lejioni tatu, kati ya vyeo vizito kuliko vyote dola nzima. Mwaka 139 jina lake lipo tayari kwenye jiwe la ujenzi huko Corbridge, nyuma kidogo tu ya ukuta wa Hadrian, na 140 tena, lejioni ya 2 Augusta inakarabati na kujenga. Yaani kabla ya kusogea mbele alitengeneza kwanza ngome, barabara na stoo. Akaenda kaskazini, akashinda, na kufikia 142 Antoninus anatangazwa mshindi na sarafu za Britania zinatoka. Kaisari mwenyewe hakutoka Italia. Aliyepigana ni Urbicus, aliyeshangiliwa ni Antoninus, ndivyo mfumo ulivyokuwa unafanya kazi.

Kisha wakajenga ukuta mpya Uskochi, kutoka mto Clyde hadi ghuba ya Forth, kama kilomita 60, nusu tu ya ule wa Hadrian ulioanzwa mwaka 122. Haukuwa wa mawe, ni mabonge ya udongo wenye majani yaliyopangwa juu ya msingi wa mawe, mbele yake handaki refu, nyuma barabara ya jeshi. Kwenye ngome ya Balmuildy yapo mawe yenye jina la Urbicus mwenyewe. Lakini jiwe linaloeleza kazi yake kuliko yote halina jina lake, ni lile lililopatikana Bridgeness mwaka 1868, mwisho wa mashariki wa ukuta, karibu mita 3 kwa urefu, leo lipo makumbusho ya Edinburgh. Katikati limeandikwa kwamba lejioni ya 2 Augusta imejenga hatua 4,652, karibu kilomita 7. Kushoto farasi wa Kirumi anawakanyaga watu uchi wenye mikuki na ngao, mmoja ameshakatwa kichwa, amekaa tu bila kichwa. Kulia watu wamevaa kanzu za kiraia wapo madhabahuni, na chini wanasubiri nguruwe, kondoo na ng'ombe wa kuchinjwa. Vita upande mmoja, ibada na uraia upande wa pili, na hesabu ya kazi katikati. Nikiulizwa seneta wa Roma alikuwa anafanya nini nalionyesha jiwe hilo. Ukuta wenyewe haukukaa, ndani ya miaka kama 20 wakaanza kurudi kwenye mpaka wa Hadrian.

Toka Britania akarudi Roma na miaka ya 140 akafikia kileleni: mkuu wa jiji, praefectus urbi. Kile cheo hupewi ukiwa kijana, ni cha mzee aliyeshakuwa konsuli na anayeaminiwa na Kaisari moja kwa moja. Unasimamia jiji la watu karibu milioni moja, una askari wako wa mjini, masoko, watumwa, na mahakama ya jinai. Alikaa humo zaidi ya miaka kumi.

Na kwenye kiti hicho ndo tunamsikia akiongea. Justin, yule ambaye Wakatoliki wanamkumbuka kila tarehe 1 Juni kama mtakatifu Yustino shahidi, aliandika kesi iliyotokea wakati wake. Mwanamke mmoja wa Roma aliingia Ukristo akaomba talaka kwa mume mwenye tabia chafu. Mume kwa hasira akamgeukia mwalimu wa mkewe, Ptolemaeus, akapanga na akida amkamate. Ptolemaeus akaletwa mbele ya Urbicus, akaulizwa swali moja tu, wewe ni Mkristo? Akasema ndiyo. Akahukumiwa kifo. Mtu mwingine, Lucius, alikuwepo pale akasimama akapinga, kwamba huyu hajazini, hajaua, hajaiba, unamhukumu kwa jina tu, hukumu hii haimfai Kaisari mwema wala Seneti. Urbicus akamjibu tu kwamba naona na wewe ni mmoja wao. Akasema ndiyo. Naye akapelekwa, na wa tatu akafuata. Sidhani Urbicus alilala vibaya usiku ule. Kwake ilikuwa ni amri, mtu aliyekiri kosa ambalo sheria inalijua, na huyo ni mtu aliyetoka Uyahudi na taji la dhahabu.

Ila siyo kwamba alikuwa hakimu wa hovyo. Mwandishi Apuleius, Mwafrika mwenzake, aliposhtakiwa Sabratha, Libya ya leo, kwa uchawi mwishoni mwa miaka ya 150, aliikumbusha mahakama kwamba mshitaki wake Aemilianus aliwahi kudai mbele ya Urbicus kuwa wosia wa mjomba wake ni wa kughushi, Urbicus akasikiliza, akapata ushauri wa wazee waliokuwa makonsuli, akaamua wosia ni halali, na Aemilianus akaendelea kubisha kwa viapo hadi nusura Urbicus amuangamize. Hapo Mwafrika anamtaja kigogo wa kwao, na Urbicus anaonekana mtu wa utaratibu, mkali asiyependa kubishiwa.

Huwa nasikia watu wanabishana sana Urbicus alikuwa na rangi gani. Mawe hayasemi neno juu ya rangi, yanasema baba, kabila la uraia, vyeo, na nani amelipa. Hicho ndo kilihesabiwa. Na hakuwa peke yake: Fronto wa Cirta, jirani kabisa na Tiddis, alikuwa konsuli miaka ya 140 na ndo alimfundisha Kilatini Marcus Aurelius, aliyekuja kuwa Kaisari, na mwaka 193 Septimius Severus wa Leptis Magna, Libya ya leo, akawa Kaisari mwenyewe.

Kama kilomita 4 hivi kutoka Tiddis, katikati ya mashamba, kuna kaburi la duara la mawe ya kuchongwa ambalo Urbicus aliijengea familia yake. Ndani ya maandishi yake kuna Marcus Lollius Senecio baba, Grania Honorata mama, Lucius Lollius Senis kaka, Marcus Lollius Honoratus kaka, Publius Granius Paulus mjomba. Halafu jina lake mwenyewe, na ile orodha yote ya barabara, lejioni, Efeso, taji, Cologne na Britania hakuiweka. Aliweka cheo kimoja tu, mkuu wa jiji.